Mgomba wa Sifuna

Kwa miaka mitatu Nasambu, mshona nguo wa Njiru, alikataa kuzika mgomba. Shemeji yake Makokha alimsumbua kila Krismasi: mtu akipotea na mwili usionekane, kwao huzikwa shina la mgomba badala yake, mambo yakaisha. Lakini Nasambu alimtaka mwanawe Sifuna, aliyebebwa na watu wenye pingu wasio na sare.

"Ngoja kikao cha Umoja wa Mataifa kule Geneva, shemeji. Huko serikali yetu itaulizwa na serikali zingine," Nasambu alimjibu.

Siku ikafika. Winny wa shirika la haki za binadamu akaja na laptopu ili wakitazame kikao moja kwa moja. Mabalozi walianza kwa kuipongeza Kenya, kama wageni wanaosifu chai kabla ya kuomba sukari. Mmoja tu akagusia waliopotezwa. Kiongozi wa ujumbe wetu akatabasamu, akaahidi majibu kikao kijacho.

"Mama Sifuna, tumeshinda!" Winny akapiga makofi.

"Hicho kikao ni lini?"

"Miaka minne na kitu."

Makokha akacheka kwa pua. "Hata mgomba utakuwa umezaa."

Nasambu akaifunga laptopu. "Kaukate, shemeji. Tumzike Jumamosi."

Winny akamshika mkono kwa huruma. "Pole sana, mama. Nitakuja na mpiga picha. Ripoti ijayo inahitaji kitu cha kugusa moyo."