Bakuli Ndani ya Povu

Mwaka wenyewe ni ule tuliokula maharagwe asubuhi na jioni, chai tukainywa ya rangi, maana mbuzi hawakuwa na tone la maziwa. Kitu kibichi kilichobaki Garissa kilikuwa mathenge, ule mti wa miiba unaoozesha mbuzi meno. Mjukuu wangu wa kike akaukata, akauweka kwenye mashine yake ya kukereza, akatoa mabakuli ambayo majirani walikuja kuyapapasa. Nilijisifu, tena kwa sauti. Mtaani kwetu hakuna msichana mwingine anayeijua kazi hiyo.

Lakini mti mbichi na jua letu havipatani. Bakuli linatoka leo, kesho unasikia ta! kwenye rafu, limepasuka. Saba yalikwenda hivyo. Baba yake, yaani mwanangu, akasema likipasuka la nane mashine inauzwa, na msichana anaenda Takaba kukaa dukani kwa ami yake.

Mwalimu wake wa ufundi akamwelekeza kwa simu: likereze liwe nene, lizamishe siku nne kwenye sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, nusu sabuni nusu maji, ndipo ulikaushe kivulini polepole. Nikacheka. Sabuni ni ya sufuria. Bakuli la nane akalizamisha hivyo hivyo, akaliwekea jiwe lisielee, akafunika ndoo. Halafu akaitwa Tarbaj mazishini, ndoo akaniachia mimi.

Shule sikukaa, kwa hiyo nilifunga mafundo manne kwenye pindo la shela, kila asubuhi nifungue moja. Basi nitulie? Nikiketi, miguu inaninyanyua. Naenda kwenye ndoo, nategesha sikio kama mkunga kwenye tumbo la mja mzito. Narudi. Chai imepoa. Naenda tena.

Siku ya pili mwanangu akaja na mtu wa hoteli anayetafuta mabakuli. Mwanangu akasema, Hooyo, mama yangu, litoe mgeni alione. Nikainuka mkekani, nikaenda kukalia kifuniko cha ndoo.

"Siku nne hazijaisha. Halitoki."

Akamwambia mgeni kwamba mama yake siku hizi anaatamia sabuni. Wakacheka wakaondoka. Waache wacheke. Mashine ile ikinyamaza, ni mimi nitakayeshinda na ukimya wake, si wao.

Siku ya tatu, nikiwa tena juu ya kifuniko, mjukuu akarudi, vumbi la Tarbaj bado liko kwenye nyusi. Salamu yenyewe aliimeza nusu, macho kwenye ndoo.

"Ayeeyo, bibi yangu, inuka kidogo tu. Nilitazame, nilirudishe. Sijalala tangu juzi."

Mkono tayari ulikuwa kwenye ukingo wa ndoo. Mimi nami hamu ya kuchungulia ilinila kuliko ilivyomla yeye. Nikamwonyesha fundo moja lililobaki.

"Siku nne hazijaisha. Halitoki."