Chupa za Fosfeti

Siku yangu ya kwanza kazini nilivunja bureti. Bureti ni mrija mrefu wa kioo wenye vipimo na koki chini, na mwanakemia huutumia kudondosha kimiminika tone baada ya tone. Mtaalamu Mkuu wa Maabara, mzee mkali aliyevaa koti jeupe hata akienda kunywa chai, alivitazama vile vipande akaniuliza, "Wewe ni wa wapi?" Nikasema Masimba. "Basi kesho hiyo mikono uiache Masimba, uje na mingine." Nilirudi na mikono ileile, nikaitumia katika idara ya kemia ya chuo kikuu hapa Kisii mpaka nilipostaafu mwaka jana.

Ninyi vijana mnadhani kemia ni mashine. Kemia ni kuosha vyombo. Yule mzee alinioshesha vyombo miaka miwili kabla ya kuniruhusu kupima chochote. Kioo kikiwa safi, alisema, maji hutambaa juu yake pote kwa utando mmoja. Yakijikusanya matone, mafuta bado yapo, rudia. Na kulikuwa na sheria moja ambayo hakuwa na mzaha nayo: chupa za kupimia fosfeti haziguswi na sabuni ya unga. Fosfeti ni chumvi iliyomo kwenye mbolea za mashamba yetu na katika baadhi ya sabuni, nayo hung'ang'ania chupa hata ukisuuza mara kumi. Chupa hizo huloweshwa kwenye asidi iliyozimuliwa. Mimi ni Msabato, kwa hiyo kila wiki nilizitumbukiza Ijumaa mchana, Sabato ikapita, Jumapili asubuhi zikawa tayari.

Wenyeviti wa Idara walikuja na kuondoka. Mmoja alipenda mikutano, mwingine alipenda kufuli, na tulipoteza funguo nyingi wakati wake. Wa mwisho alinipenda mimi. Aliniita Omogaka, yaani mzee, na ndiye aliyeniletea Kerubo.

Kerubo alikuwa binti wa wakulima wa chai wa Sironga, mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Alikuwa akipima maji ya chemchemi za karibu na Kebirigo, aone kama mbolea ya chai inafika majini. Alifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Idara ilikuwa imemwahidi kwamba akimaliza muhula ule, nafasi ya mhadhiri msaidizi ni yake. Aliniita tata, yaani baba, nami nilikuwa nikimtunzia chupa zake ishirini nisimwachie mtu mwingine azishike.

Ijumaa moja tuliambiwa wakaguzi wanakuja Jumatatu. Nilishinda nikipanga rafu, nikifuta meza, nikigombana na wafagiaji. Nilipozikumbuka chupa za Kerubo, jua lilikuwa linakaribia kuzama, na asidi ilikuwa imefungiwa stoo na mwenye ufunguo ameshaenda nyumbani. Nikazisugua kwa sabuni ya unga iliyokuwa kwenye sinki. Zikang'aa. Nikajiambia Jumapili nitawahi kuzilowesha, nikafunga mlango, nikaharakisha nyumbani kabla Sabato haijaingia.

Jumapili nilipofika, Kerubo alikuwa ameshazibeba kwenda Kebirigo.

Ningeweza kumpigia simu. Simu ilikuwa mfukoni. Lakini niliona aibu, maana kwa miaka yote hakuna mwanafunzi wa mwaka wa kwanza niliyekosa kumpigia kelele kuhusu sheria ile. Nikajidanganya kwamba atazisuuza kwa maji ya chemchemi na mambo yataenda sawa.

Kwenye upimaji, maji yenye fosfeti hugeuka buluu ukiyatia dawa yake. Yote yaligeuka buluu. Kerubo aliruka. "Tata, ona! Hata ile ya chemchemi ya juu mlimani ina fosfeti!" Juu kule hakuna shamba wala mche mmoja wa chai. Ni chupa ya kulinganishia tu, yenye maji yaliyokenekwa maabarani, yaani kuchemshwa na mvuke wake kupozwa, iliyobaki nyeupe, na hiyo ilikuwa mpya kutoka dukani. Mimi nilijua. Yeye alidhani amegundua jambo kubwa.

Tangu hapo sikutulia. Chakula kilinishinda, kanisani nilikaa na kusimama, nikatoka nje na kurudi. Mke wangu alisema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kerubo aliandika tasnifu yake kwa haraka, na kila sura aliyonionyesha ilinichoma.

Nilipobakisha wiki sita nistaafu nilikwenda kwa Mwenyekiti nikamweleza. Alivua miwani.

"Omogaka, nani amekuuliza?"

"Hakuna."

"Msimamizi wake ameshapitisha. Nafasi inamsubiri. Ukisema, yeye ndiye ataumia, si wewe. Nenda ustaafu kwa amani."

Nilitoka pale nikitaka kumtii. Nilizunguka jengo la sayansi mara tatu. Mara ya nne nilimkuta Kerubo kwenye ngazi, nikamwambia palepale, nimesimama, bila hata kumsalimia.

Aliuweka mkoba wake ngazini. "Chupa zote?"

"Zote."

"Tata, si ni wewe ulitufundisha?"

Alichukua mkoba wake akaondoka, na siku chache baadaye aliiondoa tasnifu yake mwenyewe. Nafasi ile alipewa mtu mwingine.

Watu huniuliza kama kustaafu ni kutamu. Sijui. Sijaweza kukaa. Ninaamka nikitafuta kitu cha kuosha, na vikombe vya nyumbani vimenichoka. Ningekuwa nimenyamaza, Kerubo angekuwa mhadhiri leo, na kuna siku nadhani Mwenyekiti alisema kweli. Siku nyingine nafikiria angesimama mbele ya wanafunzi miaka thelathini juu ya sabuni yangu, nami nashusha pumzi.

Alianza upya mvua zilipokwisha. Nilimwomba aniruhusu nimsaidie, akakubali, na Jumapili baada ya Jumapili tulipanda naye vilima vya Kebirigo, sanduku la chupa begani kwangu. Maji yalikuwa safi, karibu yote. Hakuna gazeti litakaloandika hilo. Amepata shahada yake kwa kuchelewa, sasa anafundisha kemia katika shule ya sekondari.

Siku ya kwanza tulipofika chemchemini, nilipiga magoti nikafungua chupa niisuuze. Kerubo aliitoa mkononi mwangu taratibu, bila hasira.

"Yaya, tata," akasema kwa Kikisii. "Hapana. Wewe beba tu."

Nikabeba.