Jembe la Shangazi

Mwanangu, nakumbuka siku moja ya upepo hapa Ufipa, ule upepo wa mwezi wa sita unaokausha mpaka machozi. Mama yangu alikuwa amelala mkekani, amekufa, na kaburi lake halijachimbwa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Mitumba iliingia, redio ziliingia kupitia mpakani Kasesya, na wokovu nao ukaingia na magitaa na spika zake. Nyumba yetu nzima ilikuwa ya Kikatoliki. Mdogo wangu Didas akaokoka, akawa anasali Milanzi chini ya turubai. Mimi nikabaki kwa padre. Usidhani ni imani kubwa! Mtu niliyeishia darasa la tano, niliona kujifunza nyimbo mpya ni kazi.

Sasa kwetu akifa mtu, wanajumuiya wa kanisani ndio wanachimba, na wafiwa wanawatengea chungu cha kimpumu, pombe yetu ya ulezi. Didas akakimwaga chote.

"Kaka, pombe haiingii kwenye msiba wa mama."

Wanajumuiya wakaweka majembe chini. "Basi wachimbe hao wenzake wa magitaa!"

Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikadakia, "Wataimba mpaka ardhi ifunguke yenyewe." Watu wakacheka, na Didas akasikia. Mzaha mzaha hutumbua usaha, mwanangu.

Wenzake nao hawakuja. Walisema mama kafa na rozari shingoni, hawahusiki. Didas akachimba peke yake, ardhi ngumu kama tofali, shimo halijamfika hata magotini.

Ndipo shangazi yetu, dada yake baba, bibi wa kutembelea fimbo, akaokota jembe akaingia shimoni. Kwetu mwanamke hachimbi kaburi. Akanitazama mimi.

"Wewe mcheshi, maliza kucheka kwanza, ndiyo uje. Wifi yangu pale hana habari na padre wala turubai. Anangoja kuzikwa."

Nikaokota jembe, tukachimba. Tulimzika jua linazama.

Baada ya matanga Didas akateremkia Kabwe, ziwani, asirudi tena. Alipofariki, habari zilinifikia keshazikwa, na watu nisiowajua. Nilikwenda. Nilioneshwa makaburi mengi yasiyo na msalaba, nikasimama katikati, sijui nimlilie nani.

Mwanangu, nawasikia wewe na dada yako mnavyobishana, huyu kwaya, yule maombi ya mkesha. Bishaneni, dini haijawahi kukosa maneno. Ila akifa mtu, shika jembe kwanza, ya chungu na gitaa yatafuata. Na ndugu yako usimfanye kicheko cha watu. Hoja atakusamehe. Kicheko ataondoka nacho.

Mungu akupe ndugu wa kugombana nao mpaka uzeeni, na siku yako ikifika, mikono yao isiwe mbali.