Gari Isiyo na Paa

Nakumbuka asubuhi ya harusi ya Neema, na waliokuwapo nawakumbuka: mdogo wangu Nabintu, ndiye mama yake bibi harusi; Neema mwenyewe; Bahati, ndiye bwana harusi, fundi cherehani wa Nyamityobora pale Mbarara; rafiki yake Mugisha, Mnyankore, mwenyeji wa huku, ndiye dereva; na mimi, mama mkubwa wa Neema. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya ziwa la Nakivale, pale kambini kwetu wakimbizi.

Gari ikaja taratibu kama inaelea, nyeupe, haina paa juu, limekunjwa nyuma. Vijana wa jirani wakaanza kuipa majina. Waliosoma Kifaransa wakaiita dekapotabo. Mugisha akasema kwao Mbarara ni konvatibo, gari ya kuonekana.

Nabintu akaitazama, akamshika Neema mkono, akamrudisha ndani.

“Mutoto wangu hapandi.”

Mugisha akamtania kwamba hata mawaziri wanaitamani. Nabintu hakucheka. Mimi nilijua kwa nini, mwanangu unayenisikiliza. Kwetu gari ya namna ile ilikuwa na jina lake: gari ya kukimbia. Tulipokimbia Kivu tulisimama juu ya kamio, lori lisilo na paa, mvua ikitunyeshea, na Neema, mchanga bado, amefunikwa kitenge kifuani mwa mama yake. Kila fasi tuliyopita, watu walitutazama.

Kanisani Mbarara wageni walikuwa wanangoja, na huku nyumbani Nabintu amefunga mlango. Bahati akachuchumaa kizingitini.

“Mama, gari hii ninyi munaiita namna gani?”

Nabintu akamweleza. Ilichukua muda, na kijana hakumkatiza. Kisha akamwambia Mugisha apandishe paa.

“Na picha je?”

“Picha itangoja.”

Nabintu akakaa mbele, sisi tukabanana nyuma. Migomba ikapita dirishani kama ndoto. Baada ya Kaberebere, mji mdogo wa njiani, ukungu ukaisha, naye Nabintu akasema polepole:

“Mugisha, sasa fungua paa. Nataka kuona mbingu na mutoto wangu.”

Upepo ukaingia. Tukaenda hivyo, paa wazi, mpaka mjini.

Mwanangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kitu cha furaha kwako huenda mwenzako kilimpitia kwa uchungu. Usimsukume, wala usimcheke; muulize, umsikilize mpaka amalize, hata kama umechelewa. Mungu akupe siku moja mkwe mwenye masikio kama ya Bahati, na safari zako zote ziwe za kwenda kwenye watu wanaokupenda.

Na ninyi mliokuwapo, kama nimekosea jina la mtu, au paa lilifunguliwa kabla ya Kaberebere, nisahihisheni. Mambo ni mingi, na kichwa ni kimoja.