Siku Kadzo Alipoiweka Pembe Chini

"Dada, wewe ukisema basi, watu huacha?"

Nakumbuka vizuri mchana nilioulizwa swali hilo, uani kwa shangazi yangu Kisauni, nami shahada ya Makerere iko sandukuni na majibu ya kila kitu yako mdomoni. Jibu la hilo sikuwa nalo. Mwanangu, uliniambia juzi kwamba unasomea kuwatibu kwa muziki vijana walioteswa. Nilifurahi, na pia nilipata hofu kidogo, kwa sababu nilijiona mimi. Basi kaa nikusimulie nilivyoharibu, ili wewe ukiharibu, uharibu kwa namna yako.

Ulikuwa umebaki mwaka mmoja hivi kabla ya uhuru. Nilikuwa nimerudi nyumbani kungoja kazi ya ualimu, na sikuwa mtu wa kukalika naye. Nilimuuliza baba kwa nini wanawake wanakula mwisho. Nilimuuliza mwalimu wa madrasa mambo ambayo yeye mwenyewe alikuwa hajajiuliza. Mama akachoka. Akanikunjia leso mbili na kunipeleka kwa shangazi, Bi Mwanakombo, akisema huenda kwake nikapata wa kunijibu.

Shangazi alikuwa kiongozi wa vugo, ngoma ya wanawake ya harusi. Wanawake kama kumi walikutana uani kwake kila siku baada ya adhuhuri, kila mmoja na pembe yake ya nyati na kijiti cha kuipigia, wakajifunza nyimbo za kupita nazo mitaani harusi inapokuwa karibu. Mmoja huanza wimbo, wengine humwitikia, na pembe hushika mwendo. Hilo nililijua tangu utoto. Nisilolijua ni kwamba kati ya wanawake wale shangazi alikuwa akiwaketisha wasichana watatu waliopigwa na kuumizwa katika nyumba walizolelewa. Hakuwauliza kitu. Aliwapa pembe tu.

Wa tatu alikuwa ameletwa siku chache kabla yangu. Aliitwa Kadzo, umri wake miaka kumi na minne. Mama yake alikuwa amefariki, naye akaachwa Changamwe na baba wa kambo, aliyempiga mpaka kidole kimoja cha mkono wa kushoto kikavunjika na kuunga vibaya. Mama yake mdogo, muuza nazi wa Kongowea, ndiye aliyemtoa huko. Kadzo alikuwa na neno moja tu, "abee". Sufuria ikianguka, abee. Mlango ukigonga, abee. Mtu akikohoa nje, abee.

Pale uani palikuwa na desturi moja. Anayeweka pembe yake mkekani, mdomo wa pembe chini, wote huacha kupiga papo hapo, hata wakiwa katikati ya ubeti. Haulizwi kwa nini. Akiiokota, wimbo huendelea.

Mimi niliona ni upuuzi. Nikamwambia shangazi kwamba mtoto yule anahitaji daktari na mtu wa kumsikiliza, si pembe ya mnyama. Nikamuuliza ana ushahidi gani kwamba vugo humponya mtu.

"Huko Makerere mlifundishwa kupiga kitu chochote?" akaniuliza.

"Tulifundishwa kuuliza, shangazi."

"Vyema. Basi uliza huku wapiga."

Nikapewa pembe. Nilikuwa mbovu, nakwambia. Bi Somoe, mwanamke mnene aliyeketi kando yangu, alisema nafanya kama mtu anayebisha hodi nyumba isiyo na watu.

Wiki ya kwanza Kadzo hakufanya lolote ila kushika pembe. Wiki ya pili akaanza kupiga, polepole, nyuma ya wengine. Kisha siku moja akaiweka chini. Wanawake kumi wakanyamaza kama waliozibwa vinywa. Kadzo akawatazama mmoja mmoja, akaiokota. Tukaendelea. Akaiweka tena. Mchana ule alituzima mara kumi na moja, nilihesabu. Mara ya tisa Bi Somoe akanong'ona, "Ya Rabi, harusi hii itafika bwana harusi ana wajukuu." Wote wakacheka, na Kadzo akacheka pia. Ilikuwa mara ya kwanza kuyaona meno yake.

Basi ikaja habari kutoka Changamwe. Yule baba wa kambo alikuwa akija Jumapili ya pili na wazee, kumdai mtoto wake. Wazee wa upande wa mama nao wangekuwapo, na walikuwa wamekubaliana jambo moja: Kadzo mwenyewe aulizwe. Akisema hataki kurudi, atabaki kwa mama yake mdogo. Akinyamaza, ataondoka na yule bwana.

Mtoto wa abee.

Hapo akili yangu ya shule ikapanda. Nilimwandikia maneno ya kusema, sentensi saba safi. Nikawa namkaririsha asubuhi, na mchana tukiwa na pembe nikazitia katika wimbo ili zimkae, kwa sababu niliona huo ndio muziki wenye faida. Siku nne alivumilia. Ya tano, sentensi ya tatu, akaiweka pembe mkekani.

Wote wakaacha. Mimi sikuacha. Nikaendelea kupiga na kusema, "Tumalizie, Kadzo, siku zimebaki chache. Hao wazee hawatakungoja." Nilipiga kwa nguvu zaidi, ati kumtia moyo.

Ndipo aliponiuliza lile swali, kama mimi nikisema basi watu huacha. Hakuliuliza kwa hasira. Alikuwa anataka kujua. Kadzo akainuka, akavaa viatu, akarudi Kongowea. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Tukaambiwa amejikunyata nyuma ya jiko la mama yake mdogo, hali chakula, na hata ile abee imekwisha.

Nilitegemea shangazi anigombeze. Alikuwa akichambua mchele, na hakuinua macho.

"Kila aliyempiga mtoto yule alikuwa na sababu nzuri," akasema. "Yako ilikuwa ipi?"

Nikasema nilitaka kumwokoa.

"Naam. Hata yule wa Changamwe asema alitaka kumfunza adabu."

Mwanangu, nimekaripiwa na watu wengi maishani. Hakuna aliyenifikia pale aliponifikia shangazi, na mchele wake haukumwagika hata punje. Nilipomaliza kulia akanikabidhi pembe mbili. Nisiende kuomba radhi kwa maneno, akasema, kwa kuwa maneno yangu Kadzo alikwisha kuyasikia ya kutosha. Niende nikae karibu na jiko lile nipige, nikiwekewa pembe chini, niache.

Nikaenda. Nilikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, nikapiga vibaya kama kawaida yangu, mama yake mdogo akipita na kuguna, majirani wakichungulia. Nilijiona mjinga. Jua lilikuwa limekwisha kuhama ukuta mmoja hadi mwingine ndipo Kadzo alipotokea. Hakunisalimu. Aliichukua pembe mikononi mwangu, akaiweka mchangani. Nikaacha. Akanirudishia. Nikapiga. Akaichukua tena. Nikaacha. Tulifanya hivyo hadi adhana ya alasiri, wala sikufungua mdomo, na kwangu kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko mtihani wowote. Mwisho akaiokota pembe ya pili.

"Dada," akasema, "wewe hujui kupiga."

Jumapili ilipofika sote wa vugo tulikwenda Kongowea, kwa mama mdogo wa Kadzo, tukaketi nyuma kwenye jamvi. Wazee walikuwa mbele, na yule baba wa kambo alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri. Aliongea kwa upole. Alieleza chakula alichompa, nguo alizomnunulia, adabu aliyotaka ajifunze. Sauti yake ilikuwa nzuri, na hilo lilinitisha. Niliona mzee mmoja akiitikia kwa kichwa.

Kadzo alikuwa amekuja na pembe yake ndani ya leso. Yule bwana akiwa katikati ya maneno, akaifungua leso, akaiweka pembe mbele yake, mdomo chini. Sisi wanawake tukajua maana yake. Lakini wanaume hawakuijua desturi yetu, na yule bwana akaendelea. Ulimi wangu ulinichoma. Shangazi akanishika goti, bila kunitazama.

"Nimeweka chini," Kadzo akasema. "Basi."

Bwana akanyamaza. Sidhani alikusudia, alinyamazishwa na mshangao. Mzee wa upande wa mama akamwinamia Kadzo na kumuuliza ana maana gani.

"Siendi," akasema. "Nikisema basi kwake, haachi. Hawa nyuma yangu huacha."

Zile sentensi zangu saba hakutumia hata moja. Wazee waliteta kwa muda mfupi, kisha yule bwana akaondoka na shati lake, na Kadzo akabaki. Alilala vizuri? Si kila siku. Sufuria zilimshtua miaka mingi. Lakini uhuru ulipokuja na tukapita mitaani na pembe mchana kutwa, yeye ndiye aliyekuwa mbele, na harusi yangu ndiye aliyeianzishia nyimbo. Leo ana wajukuu, na akija kunitembelea bado huniambia sijui kupiga.

Kwa hiyo, mwanangu, nenda na ngoma zako na magitaa yako, na hayo uliyofundishwa uyatumie. Ila kabla hujamfundisha mtoto kuanza wimbo, mpe uwezo wa kuusimamisha, na akiusimamisha, wewe uwe wa kwanza kuacha. Usimharakishe asimulie; habari ni yake, na huenda siku akiisema isifanane na uliyomwandikia. Ukikosea, rudi ukakae karibu na jiko lake. Mungu akupe masikio mapana na mkono mwepesi, akulinde na haraka ya kusaidia, na watoto watakaopita mikononi mwako wacheke mpaka uyaone meno yao.

Nakuongezea jambo moja nililolijua miaka mingi baadaye, shangazi akiwa amekwisha kuzikwa. Nilikwenda Likoni kumwona Bi Somoe, macho yake yakiwa yameingia giza, na katika mazungumzo nikaitaja ile desturi ya vugo, ya pembe kuwekwa chini. Akacheka mpaka akakohoa. Katika vugo hakuna desturi hiyo, akaniambia, haijakuwapo Mombasa wala Lamu. Wimbo ukianza hausimamishwi na mtu. Mwanakombo aliitunga mwenyewe, asubuhi ile Kadzo alipoletwa, akawaapisha wote wasiseme. Nami niliyeuliza kila kitu, hiyo sikuiuliza.