Mnapaka Lini?

Mimi si mtu wa kushangazwa. Kariakoo nimeimaliza. Nimeona mtu akiuza kiatu cha mguu mmoja, na mteja akapatikana. Nimeona tajiri wa asubuhi akiomba nauli jioni. Nilianza na soksi begani, hilo darasa la saba lenyewe nimelipita kwa kuchungulia, leo nina fremu tatu za mapazia na mashuka, jumla na rejareja, na fleti ghorofa ya tano hapa hapa Kariakoo, yangu, si ya kupanga. Ukiniambia leo jua limechomozea Magomeni nitakuuliza tu limeuzwa bei gani. Lakini wiki ile kabla ya Idd, ukuta wa sebule yangu mwenyewe ulinikimbiza ngazi zote mpaka chini, mdomo wazi kama samaki changu wa Feri, na lifti siku hiyo ilikuwa imelala.

Rangi, rafiki yangu. Rangi ya mafuta, ile inayong'aa. Binti yangu wa kwanza alikuwa anakuja kuposwa Idd Pili, nami nilitaka wakwe wakikaa wajione nyuso zao ukutani. Fundi akafungua kopo, akamimina tina ya kuilainisha rangi, akakoroga. Nimesimama mlangoni namwelekeza. Harufu iliponifikia, kifua kikajifunga kama mdomo wa gunia uliovutwa kamba. Nilipofika chini nikashika nguzo, pumzi inapiga filimbi, na pale pale sikuwa tena mtu wa miaka arobaini na sita. Nilikuwa mjukuu wa bibi, na masikioni nilikuwa nasikia msasa.

Wewe uliyekulia mitaa ile unaujua mlio huo. Kabla Kariakoo haijapanda juu, zilikuwa nyumba za Kiswahili: vyumba huku, vyumba huku, ukumbi katikati, uani majiko na kamba za nguo. Bibi alipanga chumba kimoja, akauza bagia mlangoni kuanzia alasiri. Kazi yangu ilikuwa kuloweka kunde, kuzimenya maganda, na kuteka maji. Wenzangu walibeba ndoo moja, mimi mbili, muulize yeyote aliyebaki. Moshi wa mkaa, mafuta ya karai, dagaa wa jirani, vyote vilipita puani mwangu salama. Lakini likiingia kumi la mwisho la Ramadhani, msasa unaanza, khwara khwara, milango inaparuliwa mtaa mzima. Watoto wengine wakiusikia waliruka, maana nguo mpya zinakuja. Mimi nilikuwa natafuta mkeka wangu.

Kuta za juu zilipakwa chokaa, na chokaa haikunifanya kitu. Tulikuwa tunachora humo kwa vidole ikiwa mbichi, tunapigwa, tunarudia. Adui yangu alikuwa rangi ya mafuta ya milango na madirisha, na ile ya chini ya ukuta, nzito, iliyopakwa ili uchafu usionekane. Ikifunguliwa tu, naanza kuvuta pumzi kwa mabega. Mwaka mmoja wakachelewa kunitoa ndani. Alfajiri nikapakiwa kwenye mkokoteni wa kuli, tunaenda hospitali kubwa kule Upanga, wanaume wawili wanasukuma, bibi anakimbia pembeni kashika mguu wangu kana kwamba akiuachia nitaruka. Mtaani wengine walisema mashetani. Wengine walisema chinichini, kifua kikuu hicho.

Toka hapo bibi akaanzisha desturi yake. Kumi la mwisho likiingia, baada ya futari anajifunga khanga, anapita mlango kwa mlango. Hodi, salamu za watoto na wagonjwa, halafu swali lake: "Mnapaka lini?" Akiambiwa Jumanne, anavuka kwa jirani: "Basi nyinyi msipake Jumanne, pakeni Alhamisi, mtoto apate pa kulala." Na watu wakakubali, unasikia? Nyumba za mtaa mzima zikapakwa kwa zamu kwa ajili ya kifua kimoja. Fundi cherehani wa barazani kila nikipita na mkeka kwapani alipiga kelele, "Pisheni, gavana anapita! Hata mlango wangu mwenyewe siku hizi napaka kwa ruhusa!" Bibi alimjibu bila kugeuka: "Na zamu yako Ijumaa, usijisahaulishe."

Kimbilio letu kubwa lilikuwa duka la kona. Mwenye duka alitoka Kilimanjaro, tukimwita Mangi kama tunavyowaita wenye maduka wote wa huko, na mkewe tulimwita mama wa dukani. Wao Wakristo, wanapaka Krismasi na Pasaka. Kwa hiyo Idd nililala kwao, nyuma ya duka, kati ya magunia ya sukari na sabuni za mche, na wao wakianza kupaka narudi kwa bibi. "Huyu mtoto ana dini mbili za kulala," mama wa dukani alikuwa akisema, ananifunika shuka mpaka puani.

Mpango ulikwenda hivyo hadi mwaka ule Pasaka na Idd zilipokaribiana mno. Bibi alikwenda na swali lake, akakuta makopo ya rangi ya kijani yamepangwa mlangoni kwa Mangi. Akalimeza swali. Akarudi akakaa mbele ya karai, na bagia zikaungua huku anazitazama. Sijawahi kuliona jambo hilo kabla wala baada. Upande wa pili wa mtaa walishaanza kupaka, na pale kwetu mwenye nyumba alikuwa keshaleta brashi. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kuelewa kwamba bibi anauhesabu mtaa kichwani na hesabu haitoki.

Jioni akanituma chumvi. Nimefika dirisha la duka, nawasikia Mangi na mkewe ndani.

"Rangi ingoje, Mangi."

"Ingoje nini? Kaka anashuka na familia nzima kutoka Moshi. Aone nyumba nyeusi kama jiko?"

"Aone. Kwani anakuja kulamba ukuta?"

"Atasema Dar imenishinda."

"Aseme. Ukuta unajua kungoja. Pumzi ya mtoto haijui."

Mangi akageuka, akaniona nimeshika sarafu. "Na wewe," akasema, "kupumua kama watu wengine umekataa kabisa?" Akanipa chumvi, na pipi juu yake, hakuidai hela. Kaka alikuja, viti havikutosha, akakalia kopo moja la rangi ile ile na kumaliza sahani mbili za ndizi za nyama. Mimi nililala chini ya ukuta wao mweusi, napumua kama ng'ombe aliyeshiba.

Sasa unielewe, nilipokuwa mkubwa sikumwambia mtu. Mwanamume wa Kariakoo, mtu anayepanga bei na Wachina, unamwambiaje mtu kwamba kopo la rangi linakulaza chini? Kila tulipopaka nilihakikisha nina safari ya mzigo Guangzhou. Naondoka fundi anaingia, narudi harufu imekwisha. Watu wakasema, jamaa anajua kupanga muda. Ni kweli najua. Lakini safari hii wakwe walituma salamu ghafla, na baba wa binti haendi kununua mapazia wiki ya posa.

Mke wangu aliposikia sebule inanuka tina alifanya kile mama yake na bibi yake wangefanya: akawasha udi. Vyetezo viwili, milango kafunga ili ukolee. Nilipanda, nikashuka tena kwa kasi kuliko mara ya kwanza. Fundi akanifuata kwa huruma. "Bosi, kunywa maziwa. Sisi mafundi wote ndiyo dawa yetu, yanasafisha." Baada ya futari nikanywa maziwa, bwana, lita baada ya lita, tumbo likawa ngoma na kifua kikabaki vile vile. Daktari mmoja Upanga, kijana mdogo, alinipa shikamoo kwanza, ndiyo akacheka. "Mzee, maziwa yanaenda tumboni, harufu inaenda kifuani. Ni njia mbili tofauti." Akanipa kipampu cha kuvuta, akasema madirisha yawe wazi mchana kutwa, udi uzimwe, na mimi nikae mbali mpaka rangi ikauke vizuri. Nikamwambia wakwe wanakuja Idd Pili. Akasema ukuta haujui Idd.

Nikaanza kuzunguka. Kwa dada yangu Ilala geti limepakwa jana. Gesti ya karibu na duka, makochi yana vanishi mbichi. Kwenye fremu zangu, jirani kaleta mtu wa kupuliza rangi rafu za chuma. Mchana nilikuwa najikuta Feri, nimesimama kwenye moshi wa wakaanga samaki, macho yanatoka machozi na kifua safi kabisa, watu wananipisha wakidhani nimefiwa. Siwezi kukaa, siwezi kutulia, naendesha gari mitaa ile ile nikinusa madirisha kama polisi anayesaka gongo. Usiku nikalala barazani kwa dada, mbali na geti, kwenye mkeka. Mimi.

Siku moja nikasema, haya, ngoja nimuige bibi. Nikaanza ghorofa ya kwanza ya jengo letu, nabisha hodi. Mlango wa kwanza kimya. Wa pili ukafunguka kidogo, mnyororo umefungwa, jicho la mwanamke.

"Samahani dada, nilitaka kuuliza, kwako mmepaka lini?"

"Hatununui kitu, kaka," akasema, akafunga.

Nikamsimulia mlinzi, akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Bosi, humu watu wanajuana kwa namba za gari."

Basi ikafika siku moja kabla ya Idd, na hofu ikawa wazi kwa kila mtu nyumbani. Nikikaa sebuleni nitakohoa. Nikikohoa, wale wazee watatazamana, na watakachosema njiani tunakijua, maana nilishakisikia utotoni: ile familia ina kifua. Nisipokaa, watasema baba kamkataa kijana. Binti yangu alinitazama navuta kipampu kwenye ngazi.

"Baba, tuweke turubai chini, pale panapoegeshwa magari."

Mama yake akaruka. "Turubai! Posa au matanga? Watu watadhani tuna msiba!"

"Mama, bora waseme tuna msiba kuliko waseme tuna kifua."

Mtoto wangu huyo. Kichwa kachukua kwangu.

Kwa hiyo sebule inayong'aa ikabaki juu, mapazia mapya yanapepea madirishani bila mtu, na mimi Idd Pili nikakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, kanzu nyeupe, napumua. Maduka yamefungwa, hata upepo wa bahari ulikuwa umepata njia. Lakini mke wangu alisema kweli. Wakwe hawajafika, watu wa jengo wakaanza kushuka mmoja mmoja, sura za huzuni, wanawake wamejitanda khanga. Yule wa mnyororo alikuwa wa kwanza kunifikia, noti imekunjwa kiganjani.

"Pole sana kaka. Nani ametangulia?"

"Hakuna aliyekufa, dada. Tunaposwa."

Akanitazama, akaitazama noti, akaangua kicheko akakaa chini pale pale. "Na wewe si ndiye yule muuza nini sijui, wa juzi?" Nikamweleza habari ya rangi, yote, mara ya kwanza katika maisha yangu namweleza mtu baki. Akaniambia mwanawe wa pili yuko hivyo hivyo, wakipaka humpeleka Mbagala. Akavua viatu, akaingia kugawa sahani. Wengine nao hawakuondoka. Wakwe walipofika walikuta watu wamejaa, mzee wao akasema, "Mmetupokea na mtaa mzima, hii ni heshima." Nikaitikia kwa sauti safi, bila filimbi. Posa ikapokelewa.

Watu wakila, mimi nilikuwa natazama ng'ambo ya barabara. Nyumba yetu ilikuwa huko, mahali fulani chini ya lile ghorofa la vioo. Nimejaribu mara nyingi kukisia mlango wa bibi ulipokuwa na nimeshindwa, maana hata jua siku hizi haliangukii pale lilipokuwa linaangukia. Bibi katangulia. Mangi na mkewe walirudi kwao uzeeni, duka likauzwa, likavunjwa. Fundi cherehani sijui aliishia wapi. Msasa wenyewe siku hizi ni wa mashine, unalia kidogo unanyamaza, haumpi mtoto nafasi ya kuchukua mkeka. Kariakoo niliyoishinda mimi na Kariakoo iliyopaka rangi kwa zamu ni mbili, na ile ya pili sikuwahi kuilipa kitu.

Hii ya sasa nimeilipa. Mwenye turubai alipokuja jioni kukusanya vyake nilimwita mwenyewe, sikumtuma mtu, na mimi ninayebishania bei hata ya kiberiti nikamhesabia noti bila kuomba punguzo: turubai, viti, kubeba kuja na kurudi, na pilau ya nyongeza kwa wote waliokuja kutupa pole, shilingi laki tatu na kumi na saba elfu mia tano.