Sala ya Mzee Kondo wa Marui

Nimefanya mengi ya kijinga katika maisha yangu na mengi nimeyasahau, lakini lipo moja ambalo hata leo nikilikumbuka natembea peke yangu njiani husimama, nikafumba macho, nikasema "ah!" kwa sauti mpaka watu wakageuka. Basi leo nalisema. Anayetaka kucheka acheke, mimi miaka yote hii sijaweza.

Enzi za Mwingereza hizo, mimi kijana, namsaidia baba yangu kusomesha watoto Kurani chuoni kwake Kisarawe. Baba alikuwa Mwalimu Pazi, akijulikana mpaka Maneromango, na mimi nilikuwa mtoto wa Mwalimu Pazi, basi, sina jina jingine. Rafiki yangu alikuwa Kibwana. Tulisoma pamoja kwa baba tukiwa wadogo, mimi nikabaki, yeye akaenda Dar es Salaam akawa mpishi wa Mzungu, na mwaka huo bwana wake alikwenda likizo kwao Ulaya, Kibwana akarudi nyumbani kupumzika na viatu vya ngozi miguuni na maneno mengi mdomoni. Alisema vilabu vyote vya mjini amevimaliza lakini hakuna kinywaji kama cha kwetu, na kwamba ni fedheha mtu kuzaliwa huku asijue ladha ya tembo la kila mgema.

"Jumamosi twende zetu Marui," akaniambia. "Tunaonja tu. Hapa kikombe, pale kikombe, tunapunga upepo, tunalala kwa shangazi yangu, Jumapili tumerudi."

Nikamwambia baba namsindikiza Kibwana kwa shangazi yake (si uongo, shangazi alikuwepo), na baba akanipa na salamu za kupeleka.

Asubuhi hiyo Kibwana aliponiona nimetoka na kanzu na kofia alisimama. "We, vua hiyo. Chukua shati langu."

Nikakataa. Kanzu ilikuwa mpya, shati lake lilikuwa na kiraka kwapani, nami nilitaka watu wa huko wanione. Ndiyo hivyo tu, hapo ndipo nilipojimaliza.

Tukapanda lori la mihogo, tukashuka njiani, tukaendelea kwa miguu. Kwa mgema wa kwanza tulikuta tembo la asubuhi, tamu, halijachachuka, Kibwana akalizungusha mdomoni kama alivyomwona bwana wake akifanya na mvinyo, akasema, "Hili bado toto." Nikanywa kata mbili nikijiambia kwamba kitu kitamu namna hii hakiwezi kuwa haramu sana. Kilabu cha pili palikuwa na pombe ya mtama, na mama aliyekuwa akiuza akaitazama kanzu yangu, akamtazama Kibwana.

"Na shehe naye?"

"Huyu anaonja tu, mama," Kibwana akamjibu, na watu wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Mahali pa tatu ilikuwa pombe ya mabibo. Hiyo sitaisimulia. Niseme tu kwamba tulipoondoka ilikuwa kama saa nane mchana, jua la utosi, na mimi nilikuwa nasoma kasida katikati ya njia huku Kibwana akipiga makofi.

Ndipo tukakutana na watu watatu wanakuja mbio mbio. Aliyetangulia alikuwa kijana wa rika letu, macho mekundu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwalimu, Mungu amekuleta," akasema. "Naitwa Shabani. Baba yangu, Mzee Kondo, amefariki leo asubuhi. Tumeshamkosha, kaburi tayari, lakini mwalimu wetu yuko Dar es Salaam kwa mwanawe. Njoo utusalishie."

Mzee mmoja kati yao akanikazia macho. "Huyu si mtoto wa Mwalimu Pazi? Amefanana naye hivi!"

"Marehemu alikuwa akimtaja sana baba yako," Shabani akasema. "Sisi tunajua kidogo kidogo, lakini baba alistahili mtu aliyesoma."

Kibwana akaingilia kati, "Jamani, mwenzangu huyu anaumwa, jua limempiga," na ingekuwa mimi ni mtu mwenye akili ningeshika tumbo nikakaa chini palepale. Lakini nawaambia ukweli, tangu nizaliwe hakuna mtu aliyekuwa ameniita Mwalimu. Nikajikung'uta vumbi.

"Twendeni," nikasema.

Njiani nikatafuna majani ya mpera nikidhani nimeua harufu. Uwanjani tukakuta watu wengi, wanawake wanalia ndani, jeneza limefunikwa shuka ya kijani. Nikanawa miguu, maji yakanimwagikia kanzu, nikasimama mbele, na nyuma yangu nikasikia safu zikijipanga, ile sauti ya nyayo za watu kwenye mchanga, nikajiona mkubwa.

Nikapiga takbira ya kwanza vizuri. Nikasoma Fatiha, nadhani niliimaliza. Sasa kila mtu anajua, hata mtoto wa chuo (mimi mwenyewe nilikuwa nikiwafundisha!), kwamba sala ya maiti ni ya kusimama tu, takbira nne, hakuna kurukuu, hakuna kusujudu. Mimi nilipopiga takbira ya pili nikainama. Nyuma yangu nikasikia wengine wanainama nami, wengine wanakohoa, mmoja anasema "Subhanallah!" kwa nguvu ili nijirudi, nami nikafikiri amenogewa na sala. Nikaenda chini kusujudu. Mchanga wa kivulini ulikuwa baridi kwenye paji la uso, na kichwa kilichokuwa kinazunguka tangu kwa mgema wa kwanza kikatulia.

Nikalala.

Sijui walingoja muda gani. Kibwana aliniambia baadaye kwamba wale waliosujudu nami walibaki chini wakidhani namwombea marehemu dua ndefu, mpaka nilipoanza kukoroma. Mimi nilizinduka nimeshikwa bega, nimegeuzwa, uso wa Shabani uko juu ya uso wangu, na nikaona pua yake ikinusa. Nikajaribu kusema pole. Badala ya pole yakatoka mabibo na mtama na tembo, vyote, kwenye kanzu yangu na kwenye miguu yake, hatua moja kutoka jeneza la baba yake.

Nilingoja anipige. Wallahi nilitamani anipige. Alinishika kwapani, akanivuta mpaka ukutani, akaniegemeza kwenye nyumba yao, akaenda kunawa miguu. Kisha akarudi akasimama mbele mwenyewe, akamsalia baba yake kwa sauti, akikosea, wazee wakimkumbusha neno kwa neno, na mimi namsikia, na kila alipokwama mimi nililijua lile neno.

Walipobeba jeneza hakuna aliyenitazama. Mlangoni mwanamke mmoja aliuliza, "Ndiye huyu mtoto wa Mwalimu Pazi?" na mwenzake akamjibu, "Ndiye."

Habari ilifika Kisarawe kabla yangu. Baba alikuwa na goti bovu, hatembei hata mpaka sokoni, lakini alichukua fimbo yake akaenda Marui kuomba radhi, akarudi siku ya tatu amevimba mguu. Mama ndiye aliyeniambia kwamba alikataa kukaa kwenye mkeka mpaka wamesema wamesamehe, nao wakasema wamesamehe, ila wameomba nisije kwenye arobaini. Toka siku hiyo baba hakuniita tena chuoni. Nilikuwa nikilima uani namsikia anasomesha peke yake, sauti inakauka, anakunywa maji, anaendelea.

Pombe sikuionja tena na sitaionja. Lakini naona hata nadhiri hiyo ni bure, imekuja imechelewa. Baba alipofariki, miaka mingi baadaye, watu walinigeukia mimi mtoto wake nimsalie, ndivyo inavyopendeza. Nikatikisa kichwa. Nikaenda kusimama safu ya mwisho.